Picha, Barua na Daftari: Safari ya Uswidi

Treni ya kwenda Falun huondoka Stockholm ikielekea kaskazini-magharibi, ikapita Uppsala, Sala, Avesta na Borlänge. Ni safari ya karibu saa tatu. Baada ya Uppsala mashamba tambarare hupungua, misitu ya misonobari ikatanda pande zote mbili, na katikati ya miti zikajitokeza nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu iliyokolea, fremu za madirisha nyeupe. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba na majani yalikwisha kuwa ya manjano. Abiria wenzangu walisoma au walisinzia. Mimi nilikuwa na ramani ya mikoa miwili ya Uswidi: Kopparberg, ambao tangu 1997 unaitwa Dalarna, na Östergötland ulioko kusini zaidi. Katika mikoa hiyo, kuanzia 1977, wanawake zaidi ya laki moja waliingizwa kwenye utafiti uliobadilisha namna dunia inavyoitafuta saratani ya matiti. Nilitaka kupaona mahali ulipoanzia.

Falun ni mji uliozaliwa na shaba. Mgodi wake ulichimbwa kwa takriban miaka elfu moja, ukafungwa Desemba 1992, na mwaka 2001 UNESCO ikauandikisha kuwa urithi wa dunia. Nilisimama ukingoni mwa Stora Stöten, shimo la kina cha karibu meta 95 lililotokea mwaka 1687 baada ya kuta za chini kwa chini kuporomoka. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya kiangazi, wachimbaji walikuwa mapumzikoni, wala hakufa mtu. Ile rangi nyekundu ya nyumba za njiani hutengenezwa kwa mabaki ya mgodi huu.

Mwongozaji wetu alisimulia kisa cha kijana Mats Israelsson, aliyepotea mgodini mwaka 1677. Mwili wake ulipatikana mwaka 1719 ukiwa haujaoza, kwa sababu maji ya mgodi yalijaa chumvi za shaba. Aliyemtambua ni mwanamke aliyekuwa mchumba wake, sasa akiwa mzee. Miaka 42 ilikuwa imepita. Watalii husimuliwa kisa hiki kama ajabu ya mgodi. Mimi nilichokistaajabia zaidi ni kwamba mchimbaji wa kawaida wa karne ya 17 ana jina, ana mwaka wa kupotea, na hata mchumba wake anajulikana alikuwa nani.

Uswidi ni nchi yenye mazoea ya muda mrefu ya kuandika watu wake. Sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji waandike waliozaliwa, waliooana na waliokufa katika kila usharika. Mwaka 1749 serikali ikaanza kujumlisha hesabu za nchi nzima. Mwaka 1947 wakazi wakaanza kupewa namba ya utambulisho, kila mtu yake, na mwaka 1958 ikafunguliwa sajili ya taifa ya saratani. Nilikwenda Falun kufuata habari za picha. Siku ile ukingoni mwa shimo nilianza kuona kwamba vitabu hivi vilitangulia picha, na kwamba bila hivyo picha isingethibitisha chochote.

Mtu ambaye jina lake limefungamana na Falun katika fani hii ni László Tabár, daktari wa radiolojia aliyezaliwa Hungaria na kuhamia Uswidi. Kwa miongo mingi aliongoza kitengo cha picha za matiti katika hospitali ya Falun, na madaktari wa nchi nyingi wamefundishwa naye kusoma picha hizo. Nilifika hapo asubuhi. Ni hospitali ya mkoa kama zilivyo nyingine: majengo marefu, baiskeli nyingi zimeegeshwa, wagonjwa wenye makoti wakisubiri basi. Mpita njia hana sababu ya kusimama. Hata hivyo, kwa mwanamke yeyote duniani aliyewahi kuitwa kupigwa picha ya titi akiwa mzima, bila maumivu na bila uvimbe, sehemu kubwa ya sababu ya kuitwa kwake ilipatikana hapa.

Picha yenyewe, iitwayo mamografia, ni eksirei ya nguvu ndogo. Titi hubanwa kati ya vibao viwili ili lisambae, mionzi ipungue na picha iwe kali. Mafuta huonekana ya kiza. Tishu za maziwa na nyuzi huonekana nyeupe. Na saratani nayo huonekana nyeupe. Msomaji hutafuta doa lenye kingo za miibamiiba, chembe ndogo za chokaa zilizojikusanya mahali pamoja, au sehemu ambayo tishu zimevutana isivyo kawaida. Titi lenye mafuta mengi humrahisishia kazi, kwani hata uvimbe wa milimita chache hujitokeza. Titi lililojaa tishu humtesa: ni kama kutafuta punje ya chumvi ndani ya unga wa sembe. Hali hiyo ni ya kawaida zaidi kwa wanawake wenye umri mdogo.

Kabla ya miaka ya 1970, mashine za aina hii zilitumiwa hasa kwa mwanamke aliyekwisha kuja na malalamiko. Swali la Tabár na wenzake lilikuwa jingine: je, ukiwaita wanawake wote wa rika fulani, wakiwa wazima, vifo vitapungua? Katika mkoa jirani wa Gävleborg, kuanzia 1974, daktari Bengt Lundgren alikuwa amejaribu njia ya kupiga picha moja tu ya mshazari kwa kila titi, badala ya kadhaa. Njia hiyo ilipunguza gharama na muda, na ikafanya iwezekane kuwaita maelfu ya watu. Falun waliichukua.

Mwaka 1977 kazi ilianza Kopparberg, na mwaka 1978 ikaanza Östergötland, ikiongozwa na Gunnar Fagerberg. Wanawake 133,065 wenye umri wa miaka 40 hadi 74 waliingia kwenye hesabu. Mikoa iligawanywa katika maeneo yanayofanana, kisha kura ikaamua maeneo yapi yaitwe na yapi yasubiri. Wanawake 77,080 waliitwa, na 55,985 wakabaki kuwa kundi la kulinganishia, wakiendelea kutibiwa kama kawaida kila walipougua. Wenye umri wa miaka 40 hadi 49 waliitwa takriban kila baada ya miaka miwili, na waliowazidi umri karibu kila baada ya miezi 33.

Kura ilikuwa ya lazima, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana hapa ndipo watu wengi wema hupotoka. Fikiria wanawake wawili wenye saratani ya aina moja, ambayo itawaua wote wakiwa na miaka 60. Wa kwanza anagunduliwa kwa picha akiwa na miaka 52. Wa pili anagundulika akiwa na miaka 57, baada ya kushika uvimbe. Ukiuliza kila mmoja ameishi muda gani baada ya kugundulika, utajibiwa miaka minane kwa wa kwanza na mitatu kwa wa pili, na utasema picha imeongeza miaka mitano. Haikuongeza hata siku moja. Imerefusha tu muda wa kujua. Kwa hiyo mtafiti hawezi kuridhika kuhesabu miaka ya walionusurika. Inambidi ahesabu vifo katika makundi mawili yaliyotengwa kwa kura, na aendelee kuhesabu kwa muda mrefu.

Nyumba niliyofikia ilikuwa ya bibi aliyepita miaka 85. Alipojua nilichokuja kufuata, aliketi nami mezani akaanza kunieleza. Aliikumbuka barua ya kwanza. Ilikuwa na jina lake, siku ya kwenda na saa kamili. Hakutakiwa kupiga simu kuomba nafasi, wala kutafuta daktari wa kumwandikia. Nafasi ilikuwa yake tayari, na kama haimfai ndipo aseme. Dada yake aliishi upande wa pili wa mkoa, katika eneo ambalo kura ililiacha, na akaitwa miaka kadhaa baadaye, matokeo yalipokwisha kujulikana. Hakuna kati yao aliyewahi kuugua ugonjwa huu. Nilimuuliza kwa nini alikwenda, ilhali alijisikia mzima. Akajibu kwamba waliomwandikia walijua yeye ni nani na anakaa wapi, akaona si vizuri kutokwenda.

Jibu hilo limekaa nami kuliko mambo mengi niliyosoma. Karibu wanawake 85 kati ya kila 100 walioitwa walikwenda. Watu huhusisha mafanikio ya Falun na ubora wa mashine, na mashine zilikuwa nzuri kweli. Lakini mwanamke wa kijiji cha mbali alifika mbele ya mashine kwa sababu kulikuwa na orodha yenye jina lake, na karani aliyeifanyia kazi.

Aprili 1985 matokeo ya kwanza yalichapishwa katika jarida la Lancet. Katika kundi lililoitwa, vifo vya saratani ya matiti vilikuwa vimepungua kwa asilimia 31. Mwaka uliofuata mamlaka ya afya ya Uswidi ikashauri mikoa yote ianze kuwaita wanawake, na kufikia 1997 huduma ilikuwa imeenea nchi nzima. Hesabu haikukomea hapo. Mwaka 2011 Tabár na wenzake, akiwemo mtakwimu Stephen Duffy wa London, walichapisha matokeo ya miaka 29 ya kuwafuatilia wanawake walewale. Punguzo bado lilikuwa karibu asilimia 30. Sehemu kubwa ya maisha yaliyookolewa haikuonekana katika miaka kumi ya kwanza, ilionekana baadaye. Utafiti ungefungwa mapema, faida ingeonekana ndogo kuliko ilivyo.

Ni haki kusema pia kwamba matokeo haya yamebishaniwa vikali. Mwaka 2000 watafiti Peter Gøtzsche na Ole Olsen wa Copenhagen waliandika katika jarida lilelile la Lancet kwamba majaribio mengi ya aina hii yalikuwa na kasoro, na kwamba uchunguzi wa jumla haukuwa na uthibitisho wa kutosha. Jaribio lililoanza mjini Malmö mwaka 1976, likiongozwa na Ingvar Andersson na likihusisha wanawake wapatao 42,000, lilipotoa matokeo mwaka 1988 halikuonyesha tofauti ya wazi kwa jumla. Na lipo jambo zito zaidi ya mabishano ya hesabu: baadhi ya saratani zinazoonekana kwenye picha hukua polepole mno, kiasi kwamba zisingemdhuru mwanamke maisha yake yote. Yeye hajui, na daktari wake hajui. Atapasuliwa, atachomwa mionzi, atabeba jina la mgonjwa bila haja.

Mwaka 2012 jopo huru la Uingereza lililoongozwa na Michael Marmot lilijaribu kupima pande zote mbili. Lilikadiria kwamba wakiitwa wanawake 10,000 kuanzia umri wa miaka 50, kwa miaka 20, vifo 43 vitazuiwa, na wanawake 129 watatibiwa saratani ambayo isingewasumbua. Namba hizo nazibeba pamoja. Anayemwambia mwanamke habari ya 43 akamficha ya 129 hajamheshimu. Na mwanamke anayezijua zote mbili akaamua kwenda, amekwenda kwa hiari yake.

Kutoka Falun nilirudi Stockholm, kisha nikapanda treni ya kusini. Baada ya Norrköping huja Linköping, mji mkuu wa Östergötland, nusu ya pili ya utafiti ule. Treni ilisimama kwa muda mfupi. Nilitazama jukwaani nikaona wanawake wa rika la kuitwa: mmoja na mbwa, mmoja akiharakisha na mkoba wa kazi, wawili wakicheka. Nchini humu barua bado huenda kwa kila mwanamke wa miaka 40 hadi 74, kwa kawaida kila baada ya miezi 18 hadi 24, na tangu 2016 huduma hiyo ni bure.

Malmö iko kwenye ncha ya kusini, ikitazamana na Copenhagen ng'ambo ya bahari, na tangu mwaka 2000 imeunganishwa nayo kwa daraja la Öresund. Nilitembea Västra Hamnen, bandari ya zamani ambako leo jengo la Turning Torso linapanda likijipinda hadi meta 190. Eneo hili lilikuwa la Kockums, kiwanda kikubwa cha kuunda meli. Meli zimekwisha, ila kiwanda hicho kina nafasi yake katika historia ya kuupiga picha mwili wa binadamu. Mwaka 1953 mwanafizikia Hellmuth Hertz wa Lund, mji ulio karibu na hapo, aliazima Kockums chombo cha kukagulia vyuma kwa mawimbi ya sauti. Yeye na daktari Inge Edler wakakielekeza kwenye kifua cha mtu hai, wakauona moyo unavyodunda. Matumizi ya ultrasaundi katika tiba yana asili zaidi ya moja, na hii ni mojawapo. Chombo kilichotafuta nyufa katika mabamba ya meli ni ndugu wa kile ambacho leo humwonyesha daktari wa hospitali ya wilaya kama uvimbe ndani ya titi umejaa maji au ni mgumu.

Kusini huku ndiko swali jipya linakofanyiwa kazi. Katika nchi nyingi za Ulaya, kwa kawaida picha ya uchunguzi husomwa na wataalamu wawili, kila mmoja peke yake. Katika kliniki moja ya kusini daktari alinikaribisha kwenye chumba cha kusomea. Taa zilizimwa, mwanga ukabaki wa skrini tu, na picha zikafuatana: kushoto, kulia, za leo, za miaka iliyopita, zinazofuata. Kati ya wanawake 1,000 wanaopigwa picha, watano au sita ndio hukutwa na saratani. Msomaji hupitia mamia ya picha zisizo na kitu, na anapaswa kuwa macho kwenye ile moja kama alivyokuwa kwenye ya kwanza. Niliitazama shingo yake iliyonyooka na macho yasiyopepesa, nikafahamu kwa nini wasomaji hawatoshi na kwa nini wanachoka.

Kristina Lång, daktari na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, aliuliza kama akili unde inaweza kumpunguzia msomaji mzigo bila kumwongezea mwanamke hatari. Hakujiridhisha kwa kuijaribisha mashine kwenye picha za zamani ambazo majibu yake yanajulikana. Alifanya kama walivyofanya Falun: kura. Kuanzia Aprili 2021 hadi Julai 2022, katika vituo vya Malmö, Lund, Landskrona na Trelleborg, wanawake 80,033 waligawanywa mafungu mawili. Katika fungu la kwanza programu iliipa kila picha alama ya hatari kuanzia 1 hadi 10. Zenye alama 1 hadi 9 zilisomwa na daktari mmoja, na zenye 10 zilisomwa na wawili, programu ikiwaonyesha sehemu za kutilia shaka. Katika fungu la pili madaktari wawili walisoma kila picha, kama kawaida.

Matokeo ya awali yalitoka katika Lancet Oncology Agosti 2023. Fungu lililosaidiwa na programu liligundua saratani 244, na lile la kawaida 203. Waliorudishwa kwa vipimo zaidi walikuwa asilimia 2.2 upande mmoja na 2.0 upande mwingine, tofauti ndogo sana. Kazi ya kusoma ilipungua kwa asilimia 44. Lakini kugundua nyingi zaidi bado si kuokoa wengi zaidi. Hilo ndilo somo la Falun na la Marmot. Ndiyo maana jaribio lilipangwa tangu mwanzo liwafuatilie wanawake, kuona ni saratani ngapi zitajitokeza katikati ya uchunguzi mmoja na mwingine, zile ambazo picha ilipita bila kuziona. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama programu imeona hatari ya kweli au imeongeza tu orodha ya madoa.

Picha ikishaonyesha doa, safari ya mwanamke ndiyo kwanza inaanza, na hata hapo mtaalamu wa picha bado anahitajika. Doa la milimita sita halishikiki kwa vidole. Daktari atachukuaje kinyama cha kupima mahali asipopajua? Mwaka 1977, mwaka uleule kazi ilipoanza Kopparberg, Jan Bolmgren, Bertil Jacobson na Björn Nordenström wa Stockholm walichapisha maelezo ya chombo kinachotumia picha mbili za pembe tofauti kukokotoa sindano iingie wapi na kwa kina gani. Leo kanuni hiyo imeenea hospitali nyingi duniani. Uvimbe ukiwa mdogo, si lazima titi zima likatwe: majaribio ya Umberto Veronesi mjini Milan, yaliyochapishwa mwaka 1981, na ya Bernard Fisher nchini Marekani mwaka 1985, yalionyesha kwamba kuondoa uvimbe na kuongeza mionzi huokoa maisha sawa na kukata titi lote. Mwanamke wa Falun aliyegunduliwa mapema aliokoa uhai na pia aliweza kubaki na titi lake.

Nimeandika mengi ya Uswidi, na sasa sina budi kuandika ya kwetu, maana ndiyo yaliyonifikisha huko. Shangazi yangu, mkazi wa Korogwe, aligusa uvimbe kwenye titi akiwa anaoga. Alikwenda kituo cha afya, akapewa vidonge na kuambiwa arudi ukizidi. Uvimbe ulipozidi taratibu, bila kuuma, hakuona sababu ya kurudi. Hakuna aliyeandika kwamba mama huyu ana uvimbe na hajarudi. Alipofikishwa mjini, saratani ilikuwa mifupani. Alizikwa kabla ya mvua za vuli. Tulikuwa tumemuuliza mara nyingi kuhusu shamba, wajukuu na bei ya mahindi. Kuhusu titi lake alinyamaza, nasi hatukujua la kuuliza.

Kisa chake ni cha wanawake wengi wa Tanzania. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kituo pekee cha nchi cha tiba ya mionzi, wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hufika hatua ya tatu au ya nne. Wengi ni wa umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya, umri ambao tishu za titi humnyima msomaji wa picha uoni. Kwa hiyo kununua mashine za mamografia na kuzitawanya wilayani, tukidhani tumeiga Uswidi, kungekuwa kuiga jambo la mwisho kwanza. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika msimamo wake wa mwaka 2014, halikushauri uchunguzi wa jumla wa mamografia kwa nchi zenye uwezo mdogo na mifumo dhaifu ya afya. Ushauri wake ni kuanza na mwanamke ambaye tayari ana dalili.

Mpango wa shirika hilo wa saratani ya matiti, uliozinduliwa mwaka 2021, una malengo matatu yanayoweza kukaa kwenye kiganja: zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, vipimo vyote vikamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke alipojitokeza, na zaidi ya asilimia 80 wamalize matibabu yao. Ukiyatazama kwa makini, lengo la pili na la tatu hayazungumzii mashine kwanza. Yanazungumzia nani alijitokeza lini, yuko wapi sasa, na nani anamtafuta.

Na hilo tunaliweza. Mama yeyote wa Tanzania aliyezaa katika miaka ya karibuni anaijua kadi ya kliniki. Ina jina la mtoto, uzito, chanjo alizopata na tarehe ya kurudi. Asiporudi, muuguzi humwuliza mhudumu wa afya wa kijiji, na mhudumu huenda nyumbani. Kliniki za dawa za VVU zimekwenda mbali zaidi: zina kadi, zina daftari, zina orodha ya watoro, na zina watu wanaowapigia simu au kuwafuata watoro hao mlangoni. Mamia ya maelfu ya Watanzania wako hai leo kwa sababu ya vidonge, naam, na pia kwa sababu mtu fulani aligundua kwamba fulani hakuja Jumanne. Hatuhitaji kupelekwa Falun kufundishwa kazi hiyo.

Ninachoomba, basi, ni kwamba kila zahanati ifungue daftari la uvimbe wa matiti. Mwanamke akija na uvimbe, aandikwe jina, umri, kijiji, namba ya simu na tarehe ya leo. Apewe rufaa yenye siku na saa ya kuonwa, kama barua ya yule bibi, asiachiwe kutafuta mwenyewe ultrasaundi iko wapi na kinyama kinachukuliwa na nani. Jibu la maabara likifika liandikwe kwenye mstari uleule. Siku ya 30 muuguzi aangalie nani bado, na siku ya 60 mganga mfawidhi aeleze kwa maandishi kwa nini. Wilaya ijumlishe, mkoa ujumlishe, na mwaka ukiisha tuambiwe hadharani ni wangapi walijitokeza, wangapi walitibiwa, wangapi walikufa. Gharama ya kuanza ni daftari na kalamu. Gharama ya kuendelea ni kubwa zaidi, kwa sababu orodha ya kweli itatudai ultrasaundi, maabara, wapasuaji na dawa, na itatunyima kisingizio. Deni hilo ni halali, na ningependa tuanze kudaiwa mwaka huu.